Mtoto Mmoja, Masomo Mengi

Mwalimu wa darasa huona watoto wengi katika somo moja. Mtu anayeketi na mtoto mmoja jioni, leo akimsaidia hesabu, kesho Kifaransa, keshokutwa jiografia, huona kinyume chake: mtoto mmoja katika masomo mengi. Mtazamo wa kwanza huonyesha nani ametangulia na nani amebaki nyuma. Mtazamo wa pili huonyesha kwa nini amebaki. Tumependa tuwashirikishe katika ukurasa huu yale tuliyoyaona kwa mtazamo huo wa pili, kwa maana twaamini kwamba katika kila shirika la mitaa yetu yuko mtoto anayehitaji kutazamwa hivyo, na yuko mtu mzima awezaye kumtazama.

Sisi tulisomea ualimu tukiwa vijana, tukafundisha shule ya msingi kwa miaka mingi, na hadi leo tunafundisha katekesi. Tulipokuwa tunajifunza kazi hiyo, tulizoezwa kuandaa kila somo kwa hatua zake: kukumbusha la jana, kuamsha hamu, kutangaza somo jipya, kuchambua, kufupisha, kisha kutoa zoezi. Hatua hizo ni njema, nasi hatuziachi. Lakini zote hudhani kwamba lile la jana limeshikwa. Je, ikiwa la jana halikushikwa, wala la juzi, wala la mwaka juzi?

Kizingiti cha mwaka wa saba

Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika ibara yake ya 43, yasema kwamba elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ni ya bure. Neno hilo lilianza kutekelezwa mwezi wa tisa 2019. Watoto wengi waliokuwa wakizunguka mitaani waliingia shuleni, na madarasa yakajaa. Hiyo ni neema, hata kama mwalimu mmoja alijikuta mbele ya umati.

Lakini mtoto akimaliza mwaka wa sita hukuta kizingiti, na mambo matatu humbadilikia kwa siku moja. La kwanza, wazazi wanatakiwa kulipa minervali. La pili, yule mwalimu mmoja aliyemjua kwa jina, aliyejua pia kama mama yake ni mgonjwa, hayupo tena. Mahali pake wamekuja walimu wengi, kila mmoja na saa yake. La tatu, Kifaransa. Katika shule ya msingi, mwalimu alipoona macho ya watoto yamepotea, aliongeza neno la Kiswahili, na macho yakarudi. Katika mwaka wa saba Kifaransa chatawala peke yake, hata ndani ya hesabu, hata ndani ya somo la mimea na wanyama. Mtoto asiyevuka kizingiti hicho vizuri haanguki kwa kishindo. Hunyamaza tu, akaketi nyuma, akanakili ubao bila kuelewa, mpaka karatasi ya matokeo itakapomsemea.

Tulivyokabidhiwa mtoto

Mwanzoni mwa mwezi wa pili 2023, mama mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, alitujia na karatasi ya namna hiyo. Anauza sambaza sokoni. Binti yake, mwenye miaka kumi na mitatu, alikuwa amepata asilimia 38 katika semesta ya kwanza ya mwaka wa saba. Kando ya pointi, walimu walikuwa wameandika maneno yao. Wa hesabu aliandika kwamba ni mvivu. Wa historia aliandika kwamba hajifunzi nyumbani. Wa sayansi aliandika kwamba hana usikivu. Ukiyasoma maneno hayo matatu, ungedhani ni watoto watatu, kila mmoja na kasoro yake.

Mama huyo alisema, “Papa Katekista, nina watoto wanne na beseni moja la sambaza. Mwaka huu wawili wako sekondari. Kama huyu masomo hayamuingii, afadhali akae nami sokoni, nimlipie kaka yake. Lakini sipendi kumwonea. Umtazame hadi Pasaka, kisha uniambie ukweli.”

Hatukumwahidi pointi. Tulimwahidi jioni tatu kila juma hadi Pasaka, na ukweli. Kisha tukamgeukia binti, tukamuuliza kama yeye mwenyewe anataka. Akajibu bila kuinua macho, “Nataka, Papa, lakini sijui nianzie wapi.”

Twaomba wasomaji walisikilize jibu hilo. Wazazi wengi hudhani kwamba mtoto aliyeanguka hataki. Huyu alitaka. Kilichokosekana ni mahali pa kuanzia, na kumtafutia mahali hapo ndiyo kazi ya kwanza ya anayemsaidia.

Kutafuta udongo mgumu

Mjini kwetu, mtu anayekuja nyumbani kumrudisha mtoto katika masomo huitwa répétiteur au encadreur. Mara nyingi hufungua daftari la leo, huona zoezi la kesho, na kulifanya pamoja na mtoto. Na zaidi ya yote hulifanya yeye mwenyewe. Kesho mtoto hupata 8 juu ya 10, mzazi hufurahi. Siku ya mtihani, encadreur hayupo, na 8 ile haipo.

Sisi kwa majuma mawili ya kwanza hatukugusa daftari la mwaka wa saba. Tulirudi nyuma hatua kwa hatua, kama mjenzi anayepima udongo kwa fimbo, mpaka tupate mahali pasipodidimia. Kujumlisha na kutoa: pagumu, tena pagumu sana, maana mtoto wa soko huhesabu chenji upesi kuliko katekista. Kuzidisha: pagumu. Kugawanya: palitikisika kidogo, pakasimama. Sehemu za namba: hapo fimbo ikazama.

Tulimwandikia nusu kuongeza theluthi. Bila kusita akaandika mbili ya tano, yaani 2/5. Alikuwa amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Kosa hilo ni la watoto wengi, wala si la mvivu: anayekosea hivyo anafuata kanuni, ila ameshika kanuni isiyo yake.

Hatukumwambia kwamba amekosa. Tulichukua kopo tupu la maziwa ya Guigoz, ambalo masoko yetu hulitumia kupimia unga na sambaza, tukalichora kwa mkaa mistari ya kuligawa sehemu sita zilizo sawa. Tukamwambia ajaze mchanga hadi nusu. Akajaza sehemu tatu. Tukamwambia aongeze theluthi. Akafikiri, akaongeza sehemu mbili. Kopo lilifika karibu na mdomo: sehemu tano za sita. Kisha tukamwomba alitazame jibu lake la kwanza. Mbili ya tano ni kubwa au ni ndogo kuliko nusu? Akanyamaza kitambo, halafu akacheka kwa mara ya kwanza tangu aje kwetu. “Papa, niliongeza mchanga, na mchanga ukapungua!”

Tangu jioni ile alijua jambo ambalo ni zaidi ya sehemu za namba: kwamba jibu lililo kwenye karatasi laweza kuulizwa kama muuzaji anavyoulizwa sokoni. Je, mzigo huu waweza kuwa mdogo kuliko ulivyokuwa kabla ya kuongezwa? Mtoto aliyejifunza kuuliza hivyo ameanza kujifundisha mwenyewe.

Ugonjwa mmoja wenye majina mengi

Juma la tatu tulifungua mazoezi ya darasani kwake. Zoezi moja lilisema kwa Kifaransa kwamba bei ya kopo la unga ilikuwa faranga 2000, kisha ikapungua: “le prix baisse de 500 francs”. Bei mpya ni ngapi? Alikuwa ameandika 500, na kalamu nyekundu ilikuwa imepita juu yake.

Mwalimu wa hesabu aliona mtoto asiyejua kutoa. Lakini sisi tulikuwa tumeona akitoa hesabu ngumu kuliko hiyo bila karatasi. Basi tukamwambia kwa Kiswahili, “Bei imepungua kwa faranga 500.” Akajibu mara moja, “1500.” Tukasema tena, “Bei imepungua hadi faranga 500.” Akajibu, “Basi ni 500, Papa. Si umeisema mwenyewe?” Naam. Kwa Kiswahili “kwa” na “hadi” hazimchanganyi hata kidogo. Kwa Kifaransa, tofauti hiyo imebebwa na vineno viwili vidogo, “de” na “à”, ambavyo jicho la mtoto lilikuwa limezoea kuviruka kama vumbi.

Tulipoligundua hilo katika hesabu, tulilifuata katika masomo mengine, na kila mahali tulikuta nyayo zake. Katika historia, aliposoma kwamba utawala fulani ulidumu “de 1885 à 1908”, alikuwa akikariri miaka hiyo miwili kama matukio mawili yasiyohusiana. Katika sayansi, maji yanapopashwa moto “de 20 à 100 degrés”, alidhani yameongezeka digrii 100. Mvivu wa hesabu, asiyejifunza wa historia na asiye na usikivu wa sayansi walikuwa mtoto mmoja, na ugonjwa wao ulikuwa mmoja: vineno vidogo vya Kifaransa. Hakuna mwalimu hata mmoja aliyekuwa katika nafasi ya kuuona, kwa sababu kila mmoja alimwona saa moja na kwa dirisha moja. Hatuwalaumu. Mwenye watoto sitini mbele yake hana muda wa kwenda kwenye dirisha la jirani.

Dawa yake ilikuwa daftari dogo. Kila jioni aliandika vineno viwili vya Kifaransa, na kando yake sentensi ya Kiswahili ya sokoni yenye maana hiyo. Vilevile tulitumia lugha za nyumbani kwake kumfungulia sarufi. Alikuwa akilalamika kwamba hawezi kupatanisha sifa na jina kwa Kifaransa. Tukamwambia aseme “kitabu kizuri” wakiwa vingi. Akasema kama tusemavyo Bukavu, “bitabu bizuri”. Nani alikufundisha kubadilisha maneno yote mawili? Hakuna aliyemfundisha. Na katika Mashi, lugha ya nyanya yake, upatanisho ni mkali zaidi. Kumbe alikuwa amelibeba somo hilo tangu utoto bila kujua kwamba shule inalitafuta.

Mstari mmoja

Mwezi wa tatu, darasani walifika kwenye namba zilizo chini ya sifuri. Alitujia amechoka. Namba inawezaje kuwa chini ya kitu kisichokuwapo? Katika jiografia wakati huo walikuwa kwenye maziwa, na katika sayansi kwenye umeme. Madaftari matatu tofauti. Sisi tulichukua ubao mrefu, tukausimamisha ukutani, tukachora mstari mmoja tu kutoka juu hadi chini. Katikati tuliandika sifuri: huo ni usawa wa bahari. Kila upana wa kidole ni meta 100.

Tukampa namba, yeye akatafuta mahali pake. Uso wa Ziwa Kivu, karibu meta 1460 juu ya bahari. Uso wa Ziwa Tanganyika, karibu meta 770. Akaweka alama zote mbili. Kisha tukampa vina: Kivu, mahali palipo ndani kabisa, karibu meta 480; Tanganyika, karibu meta 1470. Tukamwomba atafute sakafu za maziwa hayo.

Ya Kivu aliipata upesi: 1460 kutoa 480, ni 980. Aliweka alama, akarudi nyuma hatua moja, akautazama ubao kwa muda. “Papa, sakafu ya ziwa letu iko juu kuliko maji ya Uvira!” Ni kweli. Mtu akishuka hadi tope la chini kabisa la Ziwa Kivu, bado yuko meta 200 na zaidi juu ya mawimbi ya Tanganyika. Halafu akaanza ya Tanganyika: 770 kutoa 1470. Kidole chake kilishuka vidole saba na zaidi, kikafika kwenye sifuri, na hesabu ilikuwa haijaisha. Alitugeukia. Hatukusema neno. Akaendelea kushuka chini ya sifuri vidole saba vingine, akaandika 700, akasita, kisha akaweka alama ya kutoa mbele yake. Namba iliyo chini ya kitu kisichokuwapo ilikuwa imepata mahali: ni sakafu ya Ziwa Tanganyika, chini ya usawa wa bahari.

Kutoka hapo masomo yalifunguka moja baada ya lingine, kama milango ya nyumba moja. Kwa nini mto Ruzizi, unaotoka Kivu kwenda Tanganyika, una mitambo ya umeme? Kwa sababu maji yake yashuka karibu meta 690, na maji yanayoshuka yana nguvu ya kuzungusha. Alilielewa hilo kwa mwanga wa taa ya petroli, maana umeme wenyewe ulikuwa umekatika. Na sambaza wa mama yake je? Tulimweleza kwamba samaki hao si wa Kivu kwa asili. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakamwagwa katika ziwa letu, wakazaana. “Lakini walipandaje?” akauliza, kidole kikiwa kwenye ubao. Hawakupanda. Wangewezaje kupanda maporomoko ya meta 690? Watu waliwabeba. Jioni ile alirudi nyumbani kumweleza mama yake habari za bidhaa yake mwenyewe, nasi twafikiri kwamba mama alipomsikiliza alianza kuutazama ule uamuzi wa Pasaka kwa jicho lingine.

Baadaye tuliulaza mstari uleule, ukawa miaka. Mwaka 1885, baada ya mkutano wa Berlin, Kongo inawekwa mikononi mwa mfalme Léopold II. Mwaka 1908 inapita mikononi mwa Ubelgiji. Tarehe 30 mwezi wa sita 1960, uhuru. Miaka 23, kisha miaka 52: kutoa kulekule kwa sokoni. Aliyeshindwa kukariri alianza kupima. Tulipodhani tumemaliza, akauliza, “Koko wangu yuko wapi kwenye mstari huu?”

Tulimwambia aende akamuulize. Alirudi na habari kwamba nyanya yake alizaliwa mwaka 1953. Siku ya uhuru alikuwa mtoto wa miaka saba. Akaweka alama. Pembeni akaweka nyingine, mwaka 1963. Hiyo ni ya nini? “Hapo walimtoa shuleni, alee wadogo zake.” Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, akakaa chini, akafungua daftari lake. Hatukuongeza neno, kwa sababu palikuwa hapana la kuongeza.

Kalamu ikae mkononi mwa nani

Wasomaji watauliza kanuni. Tuna chache, nazo tulizishika tangu jioni ya kwanza.

Kalamu hukaa mkononi mwa mtoto. Mkubwa akishika kalamu, somo limekuwa lake. Mtoto akikwama, tunahesabu kimoyomoyo hadi ishirini kabla ya kufungua kinywa. Kunyamaza huko ni kugumu kuliko kufundisha, hasa kwa mtu aliyezoea kusimama mbele za watu. Lakini mara nyingi jibu huja kwenye kumi na tano.

Kila jioni huanza na jambo analoliweza na kumalizika kwa jambo analoliweza. Gumu huwekwa katikati. Mtoto aliyeanguka mara nyingi hawezi kwenda kulala na kushindwa kila siku, kisha arudi kwa furaha.

Mahali ni pa wazi. Tuliketi barazani, machoni pa wapita njia, na mama wa nyumba yetu karibu. Mtoto wa mtu huketi na mkubwa mahali ambapo mzazi aweza kupita wakati wowote bila kubisha hodi. Jambo hili lisionewe haya kusemwa, wala lisionwe kuwa dogo.

Mwisho, anayefundisha huhesabu siku za kuondoka kwake. Encadreur anayelipwa kwa mwezi ana faida mtoto akiendelea kumhitaji. Anayefundisha kwa upendo hutafuta siku ambayo mtoto hatamhitaji tena.

Je, kumhudumia mmoja ni haki?

Swali hili tumeulizwa na ndugu mmoja katika shirika letu, nalo ni swali zuri. Watoto ni wengi. Kwa nini jioni tatu kwa mmoja?

Mtakatifu Yohane Mbatizaji de La Salle, ambaye Papa Pius XII alimtangaza mwaka 1950 kuwa msimamizi wa walimu, alikutana na swali hilo. Katika Ufaransa ya karne ya 17, shule nyingi ndogo zilifundisha watoto mmoja mmoja: huyu anasomeshwa mbele ya mwalimu, wengine wanangoja zamu. Matajiri waliweka walimu wa pekee majumbani. Yeye na Mabruda wake, kuanzia mwaka 1680, walieneza darasa ambamo wote husoma pamoja somo moja, ili mwalimu mmoja awafikie maskini wengi. Tena waliwaanzishia watoto kusoma kwa Kifaransa, lugha waliyoisema, badala ya Kilatini. Basi darasa la pamoja lilikuwa rehema kwa maskini, na ni rehema hadi leo.

Kwa upande mwingine, mtaalamu Mmarekani Benjamin Bloom, ambaye jina lake lajulikana na kila aliyesomea ualimu, aliandika mwaka 1984 kwamba wanafunzi waliofundishwa mmoja mmoja, bila kuvuka somo ambalo hawajalishika, waliwapita mbali wale wa darasa la kawaida. Watafiti waliomfuata walipata tofauti ndogo kuliko yake, lakini tofauti ilibaki. Bloom mwenyewe alikiri kwamba njia hiyo ni ghali mno kwa shule kumpa kila mtoto.

Ni ghali kwa shule, sawa. Lakini kwa jirani? Saa tatu kwa juma, ubao mmoja, kopo moja la mchanga. Shule haina mikono ya kumshika kila aliyezama, na hakuna sheria itakayoipa mikono hiyo mwaka huu. Jirani anayo. Wala si kila mtoto ahitaji jioni tatu kwa mwaka mzima. Wengi wahitaji kushikwa mkono wakati wa kuvuka kizingiti tu. Tukilinganisha hivyo, kumhudumia mmoja si kuwanyima wengi. Darasa na jirani hufanya kazi mbili tofauti kwa mtoto yuleyule.

Yaliyofuata

Pasaka ya mwaka huo iliangukia tarehe 9 mwezi wa nne. Pointi za kipindi cha tatu zilikuwa asilimia 46. Si nyingi. Tulimpelekea mama ukweli tuliomwahidi: masomo yanamwingia, yalikuwa yanakwama mlangoni, na mlango tumeuona. Mama akatazama karatasi, akamtazama binti, akasema, “Aendelee.” Hakueleza atapata wapi fedha, wala hatukumuuliza.

Njia haikuwa laini baada ya hapo. Mwezi wa tano binti alirudishwa nyumbani siku nne, pamoja na wengine, kwa sababu ya minervali. Kufundisha kwetu hakulipi minervali, na asidanganyike mtu kufikiri kwamba hisabati ya kopo itaondoa umaskini wa beseni moja. Tulichoweza siku zile nne ni kutafuta daftari la mwenzake ili anakili, na kuketi naye jioni nne badala ya mbili. Mwisho wa mwaka alipata asilimia 53. Katika hesabu alibaki na 47, chini ya nusu. Akapanda mwaka wa nane.

Sasa yuko huko. Tulikubaliana kwamba atakuja akiwa na swali aliloliandika yeye mwenyewe, si vinginevyo. Mwanzoni alikuja na maswali matatu, manne kwa juma. Kisha mawili. Juma lililopita alipita mbele ya baraza, beseni kichwani, akatusalimu. “Leo sina swali, Papa,” akasema, akaendelea na njia kwenda kumsaidia mama yake kabla giza halijaingia. Katika miaka yetu yote ya ualimu, ni maneno machache yaliyotupendeza kama hayo.

Wandugu wapendwa, likizo kubwa iko karibu, na karatasi za matokeo zitaingia majumbani. Zitasomwa kwa hasira au kwa machozi katika nyumba nyingi. Twawaomba, kabla ya kumwita mtoto mvivu, mketi naye jioni moja, mkiwa na kitabu cha mwaka uliopita, na mtafute kwa upole mahali ambapo mguu wake bado unasimama.

Maswali ya kutafakari katika shirika

1. Katika nyumba zetu, ni watoto gani waliovuka mwaka wa sita wakanyamaza? Nani kati yetu aliketi nao?

2. Nani katika shirika letu amemaliza sekondari, naye ana saa tatu kwa juma anazoweza kuzitoa hadi Pasaka, wala si zaidi?

3. Tunapomsaidia mtoto, kalamu iko mkononi mwa nani?